Mita ya Buluu

Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa. Mourine aliwaambia hivyo polisi wote waliomhoji baadaye: ulisikika kama tairi ya pikipiki inayopasuka, basi. Kilichomfanya aangushe ndoo ya maziwa ni ukelele uliofuata, maana katika miaka yote aliyokaa boma lile hakuwahi kumsikia Bi Bhoke akipiga ukelele.

Ilikuwa Jumapili, jua ndiyo kwanza linapanda juu ya Kegonga na nyasi zingali na umande. Nyuma ya jikoni, penye lile pipa la kupasha nyumba joto, kikongwe alikuwa amelala chali, mikono imeziba uso. Juu yake paipu ilikuwa ikitapika maji yanayochemka. Mourine alijitosa katika mvuke, akamvuta kwa miguu hadi kwenye nyasi, akaungua mikono yote miwili. Kisha akaiondoa ile mikono ya mama usoni na akajuta kuiondoa. Ngozi ilitoka nayo, na macho yalikuwa yameiva.

Bi Bhoke alifia hospitalini kabla ya adhuhuri. Jioni hiyo hiyo Mourine alikuwa seli, na fundi aliyejenga pipa alikuwa seli ya pili yake.

Sajini Priscah Nyatichi alitumwa kutoka Migori kesho yake. Alikuwa mama wa Kikisii aliyepita arobaini, mfupi, mdomo wake mkali na subira yake haba, na jambo lililomkera zaidi duniani lilikuwa kesi iliyofungwa kabla haijafunguliwa. Kituoni alimkuta Inspekta Gichana anakunywa chai, kesi ameshaifunga.

"Ni hivi, Sajini," Gichana alisema huku akipangusa makombo ya mandazi. "Fundi aliweka mita ya bei rahisi. Mita ikayeyuka, maji yakakwama, ikampasukia mama usoni. Huo ni uzembe. Lakini huyo fundi na huyu mke wa mama, watu wanasema wanajuana. Basi si uzembe tena, ni mauaji. Jumatano tunawapeleka kortini."

"Watu gani wanasema?"

"Watu."

"Hao watu wana majina, afande?"

Gichana alijimiminia chai nyingine.

Msomaji asiye wa pande hizo asishangae kusikia mke wa mama. Mourine alikuwa mke wa Bi Bhoke kihalali, kwa ile desturi ya Wakuria wanayoiita nyumba ntobu. Mjane asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa msichana. Watoto ambao msichana atazaa na mwanamume aliyechaguliwa huwa ni wa nyumba ile, nao hurithi jina, boma na shamba. Mourine alikuwa amemzalia Bi Bhoke mvulana, sasa ana miaka minne. Na hata kabla kaburi halijachimbwa, wazee wa ukoo walikuwa wameshaketi wakakubaliana kwamba mwuaji hana nyumba, na mtoto wa mwuaji aondoke. Walimpa Mourine hadi siku ya korti. Akipandishwa kizimbani, mwanawe angefukuzwa bomani siku hiyo hiyo, na hakuna mtu aliyekuwa amesema angepelekwa wapi.

Priscah aliagiza fundi apelekwe bomani akiwa na pingu zake, na Gichana akafuatana nao. Aliitwa Bravin, kijana wa Homa Bay, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nieleze hiki kitu kama mtu ambaye hajui chochote," Priscah alimwambia.

"Ni simple, madam. Mathe alikuwa anaumwa na magoti, na huku baridi si ya kucheza nayo. Moto unawaka hapa chini ya pipa. Hii pampu ndogo ya sola inasukuma maji moto, yanaingia kwa paipu zimezikwa ndani ya simiti ya bedroom yake, yanarudi yakiwa yamepoa. Sakafu inakaa na joto usiku mzima."

"Na mita ni ya nini? Mlikuwa mnamuuzia maji?"

"Apana. Paipu iko chini ya simiti, huwezi kuona kama maji yanatembea ama yamesimama. Yakisimama, pipa linachemka. Mita ndiyo macho. Kuna kigurudumu kidogo ndani, kikizunguka uko sawa. Mathe alikuwa anakuja kila asubuhi kukiangalia."

"Na kwa nini uliiweka juu hivi? Ilimlipukia machoni."

Bravin aliinamisha kichwa. "Sababu hakuwa anaweza kuinama. Nilimpima akiwa amesimama, nikaiweka mahali macho yake yanafika. Nilidhani namsaidia."

Priscah hakumfariji. Alichukua waya akauingiza kwenye bomba la kupumulia, lile lililosimama juu ya pipa ili mvuke ukizidi utoke. Waya ulizama kidogo ukagota. Alisukuma, akapinda ncha, akavuta, hadi kikatoka kitu cheusi kilichofura maji. Lilikuwa gunzi la mahindi, limechongwa kwa kisu likaenea bombani barabara.

"Hili nalo liliingizwa na panya?" alimuuliza Inspekta Gichana. Gichana alilitazama gunzi, akatazama viatu vyake.

Kisha Priscah akaigeukia mita yenyewe. Ilikuwa ya plastiki ya buluu, imelegea ikapinda kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji, na kioo chake hakikuwepo. Kile kioo ndicho daktari alichokitoa vipande vipande usoni mwa Bi Bhoke.

"Hiyo si yangu," Bravin alisema. "Nilisema tangu jana, hakuna mtu ananisikiza. Mimi niliweka ya shaba njano, ya maji moto. Hii ya buluu ni ya maji baridi. Hii hata mwanafunzi wa polytechnic hawezi kuiweka hapa."

"Risiti iko wapi?" Gichana alidakia.

"Ilinunuliwa na mathe mwenyewe, huko Homa Bay. Mimi nilipigia tu mwenye duka, mzee Obare, nikamwambia amtafutie ya bei nafuu lakini ya maji moto."

Priscah alitema mate kwenye leso akasugua masizi kwenye tarakimu za mita. Zilisomeka. Tangu mwezi wa nne maji yalikuwa yakizunguka kila siku katika nyumba ile, na sasa ulikuwa mwezi wa nane, lakini mita ile ilikuwa imehesabu maji ambayo hayangejaza hata pipa lenyewe. Ilikuwa imefanya kazi asubuhi moja tu. Alichunguza na viungo vya paipu. Vyote alivyofunga Bravin vilikuwa na utepe mweupe wa mafundi. Viwili vilivyoshika mita havikuwa na utepe. Vilikuwa vimezungushiwa vipande vya mpira, vimekatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

"Mfungue huyu pingu," alisema.

"Kwa amri ya nani?" Gichana aliuliza.

"Basi mwache nazo. Lakini hakufunga huu mpira, na wewe unaona kama mimi."

Mourine alihojiwa kituoni, mikono imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakuwa akilia tena. Alijibu akiutazama ukuta.

"Jumamosi nani alikuja nyumbani?"

"Jumamosi hatukuwa. Ni Sabato. Mama hakubali moto uwashwe siku ya Sabato, hata wa chai. Tunakula kiporo, tunaenda kanisani mpaka jua lizame."

"Kwa hivyo Jumamosi paipu zilikuwa baridi."

"Baridi kabisa. Moto niliwasha Jumapili alfajiri, nikaenda kukamua."

"Nani anajua hiyo mambo ya Sabato?"

"Kila mtu wa ukoo. Wengine wanatucheka."

"Mita ya zamani ilikuwa rangi gani?"

"Ya njano. Mama alitoka nayo Homa Bay kwa begi, alienda kuona daktari wa magoti. Alikuwa anaipangusa na kanga yake kila Ijumaa."

"Nani amegombana na mama siku hizi?"

"Werema, mtoto wa ndugu ya mzee, yule mume wa mama aliyekufa. Ijumaa alikuja akasema shamba la ukoo haliwezi kuenda kwa mtoto wa kuokota. Mama alimfukuza na fimbo." Hapo aliuacha ukuta akamtazama Priscah. "Madam, mtoto wangu amekula?"

"Amekula," Priscah alisema, ingawa hakujua. Alitoka akamtuma askari aende kuhakikisha.

Hakumuuliza Mourine ni nani aliyeandamana na Bi Bhoke kwenda Homa Bay. Lilikuwa swali la wazi, na kutoliuliza kulimpotezea siku nzima.

Werema alipatikana Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako alikuwa akinunua unga wa dhahabu kwa wachimbaji. Mahali penyewe ni mashimo na vifusi, na mashine za kusaga mawe zinazomlazimu kila mtu apige kelele ili asikike. Pampu za kutoa maji mashimoni zilikuwa zikinguruma. Priscah aliziangalia akaona kitu kilichomfurahisha: kila kiungo cha paipu kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ndivyo wanavyofunga huko. Akajiambia mtu wake amempata, akaenda kwa Werema mbio mbio kidogo kuliko ilivyompasa.

"Ulimtishia mke wa baba yako mkubwa Ijumaa," alimwambia. "Jumamosi mtu akaingia kwake akabadilisha mita. Huyo mtu anafunga paipu vile mnafunga hapa."

Werema, jitu la mtu lenye plasta kwenye sikio, alicheka mpaka akakohoa.

"Madam, ukitaka kunifunga, tafuta siku nyingine. Ijumaa hiyo hiyo nikitoka kwa Bhoke nilienda Isebania kulewa hasira. Nikapiga watu wawili, mmoja akaniuma sikio. Nilitoka seli Jumapili saa nane. Wapigie simu wenzako."

Priscah aliwapigia. Ilikuwa kweli, na askari wa Isebania alitaka kumsimulia kisa chote cha sikio. Aliikata simu akiwa amejaa aibu.

"Mimi shamba nalitaka, sikatai," Werema alisema, sasa bila kicheko. "Lakini kumchemsha mzee macho? Huyo ni mtu mwingine. Kama umefika hapa, mpe Pauline pole. Ni binti ya Bhoke, anaponda mawe pale chini. Mimi naogopa kilio chake."

Pauline hakuwa akilia. Alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, mwanamke wa miaka kama thelathini na minane aliyezeeka kabla ya wakati, jino moja la mbele halipo. Mezani mbele yake kulikuwa na mizani ndogo, tupa ya chuma, na kitambaa chenye vumbi la njano lililometa. Alipomwona mgeni alikikunja kitambaa polepole akakitia kifuani.

"Karibu, dada. Keti kwa hiyo debe."

"Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Ni Mungu."

"Mama alikuwa na maadui?"

"Mama alikuwa mtu wa watu." Pauline alichukua nyundo akapasua jiwe, akapasua lingine. "Sitaki kusema vibaya juu ya mtu. Mourine ni mtoto tu. Lakini msichana mdogo kufungiwa na kikongwe, halafu fundi kijana anaingia na kutoka, si unajua mambo ya dunia?"

"Na hiyo mita?"

"Mambo ya mita mimi sijui. Nasikia ni huyo fundi alimdanganya akanunua kitu ya bei ya chini. Mimi sikuwepo."

"Ulimwona mama mara ya mwisho lini?"

"Hospitali. Nilimfikia akiwa bado na pumzi."

Priscah alimshika mkono kumuaga. Vidole vya Pauline vilikuwa na ung'avu wa njano kwenye mistari ya ngozi. Ni dhahabu, Priscah aliwaza, akaondoka akimhurumia.

Jumanne asubuhi alikuwa Homa Bay. Duka la mzee Obare lilikuwa nyuma ya soko la samaki, limejaa mabomba ya mitumba, masinki yaliyong'olewa na matangi yasiyo na vifuniko. Obare alikuwa Mjaluo mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipenda bidhaa zake kuliko wateja.

"Namkumbuka sana huyo mama," alisema. "Adier, nyaminwa, kweli dada yangu, huyo alinikalisha hapa nusu ya siku! Ngoja nikuonyeshe vile nilimwonyesha."

Alipanga mita tatu kwenye kaunta.

"Hii ya kwanza ni mpya, ya maji moto, ya shaba. Nzuri, lakini bei yake akaniambia mimi ni mwizi. Hii ya pili ni ya plastiki, buluu. Bei ni ya maskini. Akaipenda. Nikamwambia, mama, hii ni ya maji baridi. Unaweza kuiweka tu kwa paipu ya kurudi, mahali maji yameshapoa. Akasema ile ya kurudi iko chini kwa miguu, hawezi kuinama. Basi nikamletea ndugu ya hii ya tatu. Ni ya mtumba, niliitoa kwa hoteli ilifungwa huku kando ya ziwa. Ya shaba, ya maji moto, imetumika lakini nzima. Nikaipuliza na mdomo mbele yake, kigurudumu kikazunguka, akacheka. Akachukua hiyo."

"Ina alama?"

"Hoteli ilikuwa inachora samaki kwa kila kitu chake, isiibiwe. Angalia." Aliigeuza ile mita ya tatu. Chini, kwa ncha ya msumari, mtu alikuwa amechora samaki mdogo.

"Na alikuwa peke yake?"

"Apana, alikuwa na binti yake. Ule hana jino hapa mbele. Mama alikuwa anauliza bei, lakini binti ndiye alikuwa anauliza maswali ya maana."

Priscah alisimama wima. "Maswali gani?"

"Alishika hii ya buluu akaniuliza, na mtu akiiweka kwa maji moto itakuwaje? Nikamwambia italegea, kigurudumu kitakwama, maji yatasimama. Akauliza, yakisimama? Nikamwambia pipa litachemka, lakini fundi ameweka bomba la kupumulia, hakuna shida. Akauliza, na hilo bomba likiziba? Nikamwambia basi mahali laini ndipo patapasuka, na hapo hakuna laini kuliko hii plastiki. Nilifurahi sana, nyaminwa. Wateja wengi hawajali kuelewa." Obare aliona uso wa Priscah ukibadilika. "Nimesema kitu mbaya?"

"Hapana, mzee. Umemfundisha vizuri." Alisema hivyo kwa ukali, na hakujisumbua kuufuta. "Mtu akiibadilisha, hii ya shaba angeitupa wapi?"

"Kuitupa? Shaba?" Obare alishtuka kuliko aliposikia kifo. "Mtu wa wapi?"

"Wa Osiri."

"Huyo hawezi kuitupa! Watu wa Osiri wananisumbua na shaba kila wiki. Wanaipiga tupa mpaka inakuwa unga, wanachanganya na unga wa dhahabu, wanauzia mnunuzi mjinga. Unga wa shaba ukiuona juu juu, huwezi jua."

Hapo Priscah alikumbuka tupa mezani, na kitambaa kilichokunjwa kwa uangalifu ule. Dhahabu ya Osiri hupondwa, huoshwa kwenye karai, hunaswa kwa zebaki. Hakuna mtu anayeipiga tupa. Alijiita mjinga kwa Kikisii, kwa sauti, mbele ya mzee Obare, kisha akapiga simu Migori kuomba hati ya upekuzi.

Jumatano watu walikusanyika bomani kwa Bi Bhoke kwa mazishi. Wazee walikuwa wameketi upande mmoja, na mmoja wao, mzee Maranga, alikuwa ameshafunga vitu vya yule mvulana ndani ya mfuko wa plastiki akauweka langoni. Mtoto alikuwa ameukalia.

Priscah alikuwa amemlazimisha Gichana apitishe gari la mahabusu pale kabla ya korti. Mourine na Bravin walishushwa. Minong'ono ilipanda, mwanamke mmoja akamtemea Mourine mate. Pauline alikuwa mbele, karibu na jeneza, amejifunga leso nyeusi.

"Wazee wangu, nawaheshimu na sitachelewesha maziko," Priscah alisema. "Pauline, uliniambia hukuwepo wakati mita inanunuliwa."

"Sikuwepo."

Mzee Obare, aliyeletwa na Priscah, alishuka garini, akamwangalia, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ulikuwepo, nyathina, mwanangu. Nilikuonyesha zote tatu."

"Mzee anasahau," Pauline alisema. "Anaona watu wengi."

"Na hii je?" Priscah alifungua mfuko wa karatasi akaweka kwenye meza ya wazee donge la shaba. Upande mmoja ulikuwa umeliwa wote na tupa. Upande wa pili, samaki mdogo alikuwa bado anaonekana. "Imetoka chini ya kitanda chako jana jioni. Pamoja na kisu chenye nyuzi za gunzi na tyubu ya baiskeli iliyokatwa. Jumamosi ulijua moto hauwashwi na watu wako kanisani. Uliweka ya buluu, ukaziba bomba. Ulichotakiwa kufanya ni kuitupa hii shaba chooni tu, na leo huyu msichana angekuwa njiani kwenda gereza. Lakini ulishindwa kutupa shaba."

Pauline aliitazama ile shaba, na kwa mara ya kwanza alitabasamu, pengo la jino likaonekana.

"Ilikuwa imebaki robo tu niimalize," alisema.

"Kwa nini?" Aliyeuliza ni mzee Maranga. "Mama yako, Pauline?"

"Wewe unauliza? Wewe si ulikuwepo?" Pauline alimgeukia kwa ghadhabu. "Nilikuwa darasa la saba. Mlinitoa shule mkanipa mzee ambaye hata wewe ulimwita baba. Jino hili alilitoa yeye. Mimba mbili alizitoa yeye, kwa teke, na baadaye hakuna iliyoshika. Nilirudi hapa nikilia, na mama akanirudisha kwa fimbo, kwa sababu nikiachika ng'ombe zinarudi. Alizitunza hizo ng'ombe zikazaa, zikazaa tena. Kisha akazitoa kumwoa huyu." Alimwelekezea Mourine kidole. "Huyu azae mtoto, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaharibika. Huyu alishwe, avishwe, alale na yeye kwa nyumba ya sakafu moto. Mimi ndiye nilishika mkono wake kumpeleka Homa Bay kununua hiyo joto. Na njia nzima ananiambia vile Mourine anaumwa na baridi."

"Hukutaka tu afe," Priscah alisema. "Ulitaka na huyu msichana afungwe."

"Nilitaka nyumba iishe. Yote. Na yule mtoto aende barabarani, aone."

Mvulana, aliposikia anatajwa, aliinua uso. Gichana, bila kuambiwa, alimfungua Mourine pingu, kisha Bravin. Mourine alikwenda langoni, akamwinua mwanawe kwa viwiko kwa sababu viganja havikushika, akaupiga teke mfuko ukatoka njiani. Mzee Maranga aliinama akauokota mwenyewe akaurudisha ndani, na hakuna mzee mwenzake aliyemzuia.

Pauline alipofungwa pingu alitembea mwenyewe kuelekea garini. Mourine alimkuta mlangoni mwa gari, mtoto amemng'ang'ania shingoni.

"Dada," alisema. Alikuwa amezoea kumwita hivyo na hakujua jina lingine. "Hospitali walinizuia mlangoni. Wewe ulikuwa ndani. Mama alisema nini?"

Priscah alitaka kumwondoa, kisha akaacha.

Pauline alimtazama mtoto. "Hakuwa anaona. Aliuliza, huyu amenishika mkono ni nani? Nikamwambia ni Mourine."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kusikia vile anaongea na wewe. Akasema, Mourine, mtafute Pauline. Mwambie nilimkosea. Mwambie kila nikiona zile ng'ombe nilikuwa namwona yeye, na niliogopa kumwambia. Mwambie aje nimwombe msamaha kabla sijaenda."

Mourine alianza kulia. "Ukamwambia ni wewe?"

"Nilimwambia Pauline ameitwa na amekataa kuja," Pauline alisema. "Akaendelea kuniita mpaka akakata roho."